Kwenda Kuna Yadi, Kurudi Hakuna

Jumanne, 5 Machi

Mtaalamu wa hospitali amesema niandike kila siku, hata kama ni mstari mmoja. Amebandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa daftari hili. "Mzee, kabla hujaandika, tafuta nyekundu. Usipoiona, bado hujafika mwanzo wa mstari." Nimeitafuta. Iko mbali kuliko nilivyodhani ukurasa unaweza kwenda.

Nieleze habari yangu mara moja, nisiirudie. Nilianguka kwenye ngazi za kiwanda cha uchapaji nikapiga kichwa. Kwa miaka mingi kazi yangu pale ilikuwa kusahihisha kurasa, kuona herufi iliyokosewa ambayo macho ya wengine yameipita. Nilipozinduka macho yalikuwa mazima, lakini upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umeondoka. Si kwamba ni giza, giza ningeliona. Haupo tu, na hakuna kitu kinachoniarifu kwamba haupo. Nakula nusu ya sahani kisha nalalamika kwamba nimepunjwa. Wakiizungusha sahani, chakula kingine kinatokea kama kimeanguka kutoka darini.

Nilikwisha kupoteza nchi. Hilo nililijua saa ileile lilipotokea, maana palikuwa na mpaka, na askari wa kunionyesha ulipo. Upotevu huu wa pili hauna askari. Ni lazima nikumbushwe na utepe.

Jumatano, 6 Machi

Nyumba hii ni ya watu walioumia vichwa, wanaojifunza upya kuishi. Hatuitwi wagonjwa; tunaitwa wakazi. Msimamizi ni mama wa makamo, mrefu, mwenye aproni ya kijivu yenye mifuko miwili mirefu. Mtu akihangaika na jambo, mikono ya msimamizi inaingia mifukoni na kubaki humo.

Leo asubuhi nilipigana na vifungo vya shati mpaka jasho likanitoka. Yeye amesimama mlangoni, anatazama.

"Dada, nisaidie basi."

"Nakusaidia, Mzee wangu."

"Kwa kusimama?"

"Kwa kusimama. Shika ukosi. Uufuate kwa kidole mpaka upande wa pili. Usiache njiani."

Wenzangu wamempa jina la Mikono Mfukoni. Mimi namwita Mfukoni tu, na leo nimelitamka kwa meno yaliyobana. Kusimama kutazama jasho la mzee, nayo ni kazi ya kulipwa mshahara!

Mezani Mpishi alinikagua. Alikuwa akipika hotelini kabla ya ajali ya pikipiki kumwondolea uwezo wa kunusa, pamoja na subira yake yote.

"Babu, umenyoa nusu. Hiyo nusu nyingine umemwachia nani?"

"Ni ya kesho," nikasema.

Dereva alicheka mpaka akapaliwa na chai. Ni bonge la mtu, aliyeendesha malori ya masafa marefu. Ya zamani anayakumbuka yote, hata mashimo ya barabarani. Ya leo hayamkai kichwani. Alipomaliza kukohoa alinitazama upya, akasema, "Profesa, mbona umenyoa nusu?" Akacheka tena, kwa furaha ileile.

Jumapili, 10 Machi

Mwanangu amekuja. Yeye ni fundi wa lifti katika mji mwingine, na amezoea kuongea na mashine zilizokwama, kwa hiyo ana uvumilivu. Mama yake alifariki mapema. Tumekuwa wawili tu, na masanduku.

"Baba, chumba chako kwangu kiko tayari. Ghorofa ya sita. Kuna dada wa kukupikia, kukuvisha, kila kitu. Hutanyanyua hata kikombe."

"Na nikitaka kutoka?"

"Utoke uende wapi, Baba?"

Hakulisema kwa ubaya.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Nilipokuwa hospitalini nilikuwa nikiwauliza wauguzi mbona mwanangu haji kuniona. Alikuwapo. Alikaa siku zote hizo kando ya kitanda, upande wa kushoto, ameushika mkono wangu wa kushoto, akinisikia nikimsema kwa watu kwamba amenitupa.

"Ungehamia upande wa pili," nilimwambia.

"Nilihama, Baba. Lakini kila mara nilirudi kuketi pale; nilitaka unigundue mwenyewe."

Jumanne, 12 Machi

Mvua imeanza. Paa la bati. Hakuna aliyesikia mwenzake mezani, na tulipatana vizuri sana.

Jumanne, 19 Machi

Kuna chumba cha uani. Kina mlango wake, jiko lake, na dirisha linalotazama tanki la maji. Aliyekuwa akikaa humo amehamia kwake. Mfukoni ameniita ofisini akasema kitakuwa changu mvua zikiisha, nikiweza kwenda maktaba na kurudi bila kushikwa na mtu. Nikishindwa atapewa mwingine, nami nitakwenda kwa mwanangu.

"Mwanao anakupenda," akasema.

"Najua. Ndiyo taabu yenyewe."

Katika kila mji nilioingia na sanduku langu, nilijifunza kwanza njia tatu: ya mkate, ya kitabu, na ya kurudi nilikolala. Mtu mwenye njia tatu ameshaanza kuishi mahali. Ghorofani kwa mwanangu kutakuwa na lifti tu, hata kama itakuwa nzima daima.

Nimepiga moyo konde. Chumba cha uani nitakipata.

Jumapili, 24 Machi

Nimekwenda maktaba na Mfukoni nyuma yangu. Unatoka getini, unafuata kichochoro cha fundi viatu, unafika barabara kuu. Hapo ndipo penye kazi. Nusu ya kwanza ya barabara magari yanatoka kulia, na hiyo ni yangu. Nusu ya pili yanatoka kushoto, ambako kwangu hakutoki kitu. Ukishavuka, unanyoosha mtaa mmoja mrefu mpaka maktaba.

"Geuza kichwa mpaka kidevu kiguse bega," alisema kwa nyuma. "Usiposikia bega, hujageuza."

Niligeuza. Lori likazaliwa. Nikarudi kwenye kituta cha katikati, moyo ukinidunda kama mashine ya kuchapa.

Nimegundua pia jambo la ajabu. Kwenda, kuna yadi kubwa ya malori kabla ya maktaba, yenye geti la buluu. Kurudi, haipo. Najua sababu yake. Kurudi inakuwa kushoto. Lakini kujua hakuirudishi. Nimepita mahali pake nikijisemea, hapa pana yadi, na sikuiona yadi.

Jumanne, 2 Aprili

Jua kidogo mchana, nguo zote za nyumba zikaanikwa. Aproni ya Mfukoni ilikuwa kambani imegeuzwa ndani nje. Nimeisoma kama nilivyokuwa nikisoma kurasa. Bitana ya mifuko yote miwili imechanika na kushonwa, ikachanika ikashonwa tena kwa uzi wa rangi nyingine, kiraka juu ya kiraka.

"Nani anaichana hivi?" nikamuuliza Mpishi, ambaye ndiye mshonaji.

"Nani tena? Yeye mwenyewe, kwa kucha. Wewe unapovaa shati kule, unadhani huku ndani mikono imelala?"

Kesho nitamwamkia vizuri.

Alhamisi, 4 Aprili

Dereva haruhusiwi kutoka peke yake kwa sababu husahau anakokwenda. Mimi sitoki peke yangu kwa sababu sioni kinachonijia. Nimemwambia Mfukoni kwamba nitamsindikiza Dereva. Dereva naye, bila kuambiwa, akamwambia atanisindikiza mimi. Wote tulisema kweli.

Mfukoni akatufungulia geti. "Haya. Nendeni, mtu na mwenzake. Lakini, Mzee wangu, kichwa ugeuze mwenyewe."

Dereva anatembea kushotoni kwangu. Simwoni, namsikia. Tukifika kwenye kituta cha katikati anapiga ukelele kama utingo wa lori linalorudi nyuma: "Kushoto kweupe, Profesa! Lete!" Nami navuka. Njia nzima ananisimulia safari zake za zamani: mlima ambako breki zilimwishia, mizani ambako alilala siku nne na shehena ya nyanya.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Maktaba. Kweupe.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Maktaba. Kweupe. Mtaalamu amenisifu: mistari yangu inaanza penye nyekundu. Hakuniuliza kuhusu kichwa barabarani, nami sikumwambia kwamba sijakigeuza tangu nimpate Dereva. Mpishi ameunguza maharage kwa sababu hasikii harufu, kisha akatugombeza sisi tuliosikia tukanyamaza. Ana haki.

Alhamisi, 18 Aprili

Naandika na nguo bado mbichi. Nitaandika kwa utaratibu.

Tulitoka maktaba mchana, mvua ikiwa manyunyu. Nilikuwa nikimweleza Dereva juu ya mji nilikozaliwa, jambo ambalo sifanyi mara nyingi. Kwake ni rahisi kulisema kwa sababu halibaki. Nilimweleza mtaa wetu, duka la karatasi la baba yangu, harufu ya gundi. Alikuwa kimya, nikafikiri: leo anasikiliza kwa heshima. Mvua ikakaza. Nikaendelea. Nikafika barabara kuu, nikavuka. Palitokea honi ndefu, na matairi yakalia, na mtu akatukana tusi zito. Nilidhani anatukanwa mwingine.

Nikafika getini nikiwa bado naeleza. Mpishi alikuwa barazani anachambua mchele.

"Babu, unaongea na nani?"

"Na Dereva."

"Dereva yupi?"

Niligeuza kichwa mpaka kidevu kikagusa bega. Palikuwa na ukuta, na maji yanamwagika kutoka kwenye mfereji wa paa.

Sijui aliniacha wapi. Yeye alisahau kwamba yuko na mimi, nami sikuwa na pa kuonea kwamba hayupo. Nimetembea njia yote nikimfungulia moyo upande mtupu. Hata barabara kuu nimeivuka midomo yangu ikiongea, bila mtu wa kusema kweupe.

Mfukoni alitoka mbio. Nilidhani atanifokea. Aliuliza tu, "Mara ya mwisho ulimsikia wapi?"

"Kwenye ngazi za maktaba. Alisema mvua hii itaharibu mzigo."

"Basi hesabu kwamba yuko popote kati ya ngazi zile na hapa. Mlikopita, uliona nini?"

Nikamtajia vyote: duka la dawa, kinyozi, ukuta wenye matangazo, shule. Vyote vya kulia. Nilipofika mwisho nikajisikia nimesoma ukurasa uliokatwa kwa mkasi. Nusu ya njia sikuwa nayo, na rafiki yangu alikuwa ndani ya nusu hiyo.

Ndipo likanijia. Kama ningeondoka hapa kwenda maktaba, kushoto kwa kurudi kungekuwa kulia. Ukurasa wote niliokosa ungefunguka.

"Mimi nitamwona," nikasema. "Wewe hujui alivyo njiani. Nikienda kinyume, nitamwona. Twende."

"Mvua hii, Mzee wangu?"

"Dada, twende."

Alimwambia Mpishi abaki getini iwapo Dereva atarudi mwenyewe, akanifuata. Barabara kuu ilikuwa mto. Nusu ya kwanza nilivuka. Kwenye kituta cha katikati nikasubiri sauti, kwa mazoea, na hapakuwa na sauti. Mfukoni alikuwa nyuma yangu. Nilijua mikono iko wapi na bitana inapata nini. Nikageuza kichwa, nikasikia bega. Basi likazaliwa, likapita, likatumwagia maji. Nikageuza tena. Gari dogo. Nikageuza tena, shingo ikiuma, mpaka kushoto kukawa lami tupu yenye matone yanayoruka.

"Kweupe," nikasema mwenyewe, nikavuka.

Katika mtaa ule mrefu sikutazama kitu kingine ila kulia. Kibanda cha simu. Duka la matairi ambalo sikuwahi kulijali. Kisha geti la buluu, liko wazi.

"Humu," nikasema.

Mlinzi wa yadi alikuwa chini ya mwavuli. "Yule bonge? Yumo. Amesema anasubiri mzigo. Ameniambia, kwa kusikia mlio tu, kwamba lori lile lina tatizo la klachi, na kweli linalo. Nikamwachia akae."

Alikuwa kwenye kiti cha usukani, mikono juu ya usukani, mkavu kabisa. Alifungua mlango wa pili.

"Profesa! Umechelewa. Panda, unaloana."

Nikapanda. Katika malori ya hapa kiti cha abiria kiko kushoto, kwa hiyo yeye alikuwa kulia kwangu. Wiki zote hizi amekuwa sauti. Leo ndiyo mara ya kwanza kumwona akiwa kando yangu: ana kovu kwenye nyusi, na anapopumzika hutabasamu bila sababu.

"Mzigo wenyewe nini?" nikamuuliza.

Akafikiri. Nikaona hofu ikimpanda usoni, polepole, ya mtu anayepapasa mfuko na kukuta mtupu. Nikaijua hofu hiyo.

"Vitabu," nikamwambia. "Tumeshavifikisha. Turudi nyumbani."

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemweleza Mfukoni kwamba nilikuwa natumia macho ya Dereva na sikugeuza kichwa. Alisema, "Nilijua jana, ulipokisubiri kile kituta kikuambie." Kisha akasema kosa la kuturuhusu ni lake, na atalieleza mwenyewe kwa wakubwa wake.

Nikampigia mwanangu simu, nisimwache alisikie kwa mwingine.

"Umevuka barabara kuu bila kuangalia."

"Ndiyo."

"Basi, Baba. Imetosha. Nikipata likizo nakuja kukuchukua."

"Njoo. Lakini ukija, kwanza utanitazama nikivuka."

Jumatano, 24 Aprili

Mpishi ameshona uzi mwekundu mzito kwenye bega la kushoto la koti langu. "Ukiuona huo, ujue umegeuka kweli. Usipouona, wewe ni marehemu, na sisi hatuna nafasi ya msiba wiki hii."

Jumamosi, 27 Aprili

Natoka peke yangu. Mfukoni yuko nyuma, mbali. Nyekundu, kisha barabara. Imenichukua muda mrefu sana. Mwuza magazeti amedhani natafuta basi, akanionyesha kituo.

Alhamisi, 2 Mei

Nyekundu. Maktaba.

Jumanne, 7 Mei

Nyekundu. Leo wakati wa kurudi nilisimama mahali pa yadi, nikajigeuza mpaka uzi. Geti la buluu lilikuja, kwanza nguzo moja, kisha nusu, kisha lote. Mlinzi akanipungia mkono. Sasa lipo pande zote mbili za safari.

Dereva anatoka na Mpishi siku hizi. Wanagombana njia nzima, hivyo hakuna anayempoteza mwenzake.

Jumanne, 14 Mei

Mvua imepungua. Mwanangu anakuja Jumapili. Mkoba wangu uko chini ya kitanda; sijaupakia na sitaupakia.

Jumapili, 19 Mei

Kumekucha kweupe, mbingu imeoshwa. Nimenyoa. Mpishi akanizungushia kichwa kwa kidole kimoja, akasema, "Mzima. Leo hujaacha deni."

Mwanangu alifika na mkoba mtupu wa kuwekea vitu vyangu. Tulikwenda barabara kuu, yeye na Mfukoni nyuma yangu. Nusu ya kwanza nilivuka. Kwenye kituta nilisimama. Niligeuza, nikaona uzi, nikaona bega, nikaona pikipiki nyuma ya bega. Nikasubiri. Nyuma yangu nilisikia kiatu cha mwanangu kikikwaruza lami, na pumzi yake, na sauti ya Mfukoni, ya chini kabisa, ikimwambia:

"Mfukoni, baba. Mikono mfukoni."

Kiatu kikatulia. Nikageuza tena. Lori moja refu, taratibu, kisha hakuna kitu. Nikavuka. Nikaenda maktaba, nikachukua kitabu, nikarudi, na getini kwa mlinzi nikapunga mkono. Waliponifikia upande wa nyumbani, nilimtazama mwanangu. Mifuko ya suruali yake ilikuwa imetuna kama imejaa mawe.

Nikawapikia chai jikoni mwenyewe. Niliweka vikombe, nikaketi. Kulia kwangu Mpishi na Dereva walikuwa wakibishana juu ya sukari. Mwanangu sikumwona. Nikafikiri ametoka, ameurudisha ule mkoba garini au amekwenda kumalizana na wakubwa wa nyumba kuhusu kunihamisha.

"Amekwenda wapi mwanangu?" nikauliza.

Hakuna aliyejibu. Dereva naye alinyamaza, na Dereva hanyamazi. Mfukoni alikuwa ameegemea mlango, mikono mahali pake, na macho yamemjaa maji.

Nikaelewa kwamba swali limerudishwa kwangu. Niliweka kidole kwenye ukingo wa meza, nikaufuata, kama ukosi wa shati, bila kuacha njiani. Nikapita kikombe changu, nikapita alama ya zamani ya sufuria moto, nikagusa chuma. Ufunguo, na kitambulisho chake cha mbao: Uani. Nikaendelea. Baada ya ufunguo palikuwa na mkono. Baada ya mkono, mkono wa shati uliochafuka grisi ya lifti. Nikageuza kichwa mpaka kidevu kikagusa bega, na mwanangu akaja, kwanza sikio, kisha nusu, kisha mzima.

"Uko hapo tangu lini?"

"Tangu hospitali, Baba."